Picha za Majilio Katika Njia ya Tabora

Kila msimu wa ibada una picha zake, na picha hizo huzaliwa mahali fulani kabla ya kusafiri kwenda kwingine. Majilio, yaani majuma ya kuingojea Noeli, ambayo huanza kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, yana picha tatu zinazojulikana na kila Mkristo: giza linaloipisha nuru, njia inayotengenezwa nyikani, na mtumishi anayekesha akimngoja bwana wake. Picha hizi zilitungwa na manabii na wainjili wa nchi nyingine, zikapambwa na watunzi na wachoraji wa Ulaya, kisha zikaletwa bara kwa njia ile ile iliyopitisha shanga, nguo, baruti na pembe. Swali linalomhusu mhakiki ni hili: zikifika Tabora, ni picha ipi inayosimama kwa miguu yake, na ni ipi inayobebwa kama mzigo wa mtu mwingine?

Swali hilo si la mapambo. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka hapo njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karema, nyingine Karagwe na Buganda, na njia kuu ilishuka mashariki mpaka Bagamoyo. Waliopita humo walikuwa wafanya biashara, wapagazi, wamisionari, na watu waliofungwa minyororo. Anayesema habari za tumaini mahali kama hapo huwasemea wazao wa hao wote kwa pamoja. Na picha isiyofaa, hata ikiwa tamu, yaweza kugeuka kuwa uongo mbele ya wale ambao wazee wao waliteremshwa pwani wasirudi.

Neno lenyewe laanza vema. Kilatini husema *adventus*, yaani kuwasili, na Warumi walilitumia neno hilo kwa mfalme aingiapo mjini. Kiswahili hakikuridhika na kuwasili kutupu. Kilikishika kitenzi cha kuja, kikakipa kauli ya kutendea mara mbili, kikapata majilio. Kuja ni kufika tu. Kujia ni kumfikia mtu. Na kujilia ni kumfikia mtu kwa ajili ya jambo maalumu. Basi katika neno moja yumo anayekuja, yumo anayejiwa, na limo kusudi la safari. Vitabu vingi vya sala na nyimbo walivyotumia Wakatoliki wa Tanganyika vilipigwa chapa na T.M.P. papo hapo Tabora, na hivyo neno hilo lilitoka katika mji ambao kazi yake ya zamani ilikuwa kupokea wanaokuja na kuuliza wamejia nini.

Picha ya kwanza, ya giza na nuru, ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo yenye matata mengi. Katika Ulaya ya kaskazini Desemba ni mwezi wa usiku mrefu. Jua hutua mapema, miti haina majani, na watu hujifungia ndani. Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, aliyewatunza watoto maskini katika mji wa Hamburg, alitundika gurudumu lenye mishumaa ili watoto wazihesabu siku zilizosalia kabla ya Noeli. Kutokana na gurudumu hilo likapatikana taji la Majilio lenye mishumaa minne. Picha hiyo ilikuwa kweli mahali pake, maana kila mshumaa uliwashwa wakati usiku wa nje ulipokuwa ungali ukirefuka.

Tabora iko kiasi cha digrii tano kusini ya ikweta. Huko mwezi wa Desemba haurefushi usiku. Mchana ndio unaozidi kidogo. Wala jua si kitu adimu ambacho watu hukitamani. Wasafiri wa karne ya 19 walioandika habari za njia hii walilikumbuka pori la Mgunda Mkali, lililo kati ya Ugogo na Unyanyembe, na jina lenyewe latosha kuwa maelezo. Katika pori lile maji yalikuwa ya shida, na msafara ulijitahidi kuondoka alfajiri ili upige kambi kabla jua halijawaka sana. Kwa mpagazi mwenye pembe begani, nuru kubwa ya adhuhuri ilikuwa adui. Kivuli kilikuwa rehema, na usiku ndio uliomtua mzigo. Mtu huyo akiambiwa kwamba wokovu ni mwanga mwingi juu ya kichwa chake, ana haki ya kushangaa.

Kiswahili chenyewe kina tahadhari katika jambo hili. Neno nuru lina asili ya Kiarabu, na lilikwisha kufika Tabora katika sala na mashairi ya Waislamu kabla ya mmisionari wa kwanza kutua mizigo yake. Kwa hiyo aliyehubiri nuru katika mji ule hakuleta neno geni, bali alijiunga na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. Neno mwanga ni la Kibantu, lakini mwanga huyo huyo akiwekwa katika ngeli ya watu, wingi wake wanga, ni mchawi atembeaye usiku. Lugha haimruhusu msemaji kudhani kwamba kila kinachoitwa mwanga ni chema.

Tena kuna ubaya ulio mkubwa kuliko hitilafu ya majira. Mwaka 1878 H. M. Stanley alitoa London kitabu alichokiita *Through the Dark Continent*, na tangu hapo ikawa desturi ya waandishi wengi kuligawa giza na nuru kwa ramani: giza likakaa bara, nuru ikatoka ng'ambo. Mahubiri mengi ya Majilio yaliufuata mgawo huo bila kufikiri. Lakini historia ya njia ya Tabora inaukataa. Bunduki na minyororo vilipanda kutoka pwani, na fedha iliyoiendesha biashara ile ilitoka kwa matajiri wa Unguja na kwa wanunuzi wa pembe wa Ulaya, Marekani na Bara Hindi. Ikiwa nuru hutoka upande wa mashariki wa njia, basi giza nalo lilitoka huko huko, na mara nyingine vilisafiri katika msafara mmoja. Mhubiri anayesahau jambo hilo hana budi kuulizwa ni nani hasa aliyekuwa gizani: aliyefungwa, au aliyefunga?

Hata hivyo nuru ya Majilio haipasi kutupwa. Kinachotakiwa ni kuitambua ni nuru ya namna gani. Masomo ya Jumapili ya kwanza ya Majilio huagiza kukesha, na mtu hakeshi mbele ya jua. Hukesha penye taa au moto. Hapo ndipo picha inapopata nguvu katika nchi ya misafara. Kambi ilizungushiwa boma la miiba, moto ukawashwa, na watu wakalala kwa zamu kwa hofu ya simba na wanyang'anyi. Moto ule haukuliondoa pori wala haukuufupisha usiku. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu nyuso za wenzao, na kumjulisha aliyechelewa nyuma mahali pa kuelekea. Nuru ya namna hiyo ni ndogo, huwashwa kwa mkono, na yahitaji mtu wa kuichochea. Ndiyo nuru ya mishumaa ya Wichern, na ndiyo nuru ambayo Tabora yaweza kuipokea bila kuazima baridi ya Hamburg.

Iko picha nyingine ambayo ibada ya Kirumi huitumia katika Jumapili ya nne ya Majilio, nayo yashangaza kwamba haikupewa nafasi kubwa zaidi katika maandishi ya Kiswahili. Ni ile sala ya nabii Isaya ambamo mbingu zinaombwa zidondoshe umande, na mawingu yamnyeshe mwenye haki, hata ardhi ifunguke na kuchipusha wokovu. Wazungu wa kaskazini huiimba sala hiyo wakati wa theluji. Unyamwezini huimbwa katika majira yake hasa. Mvua ya huko huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na kiangazi cha miezi mingi huwa kimeikausha ardhi hata ikapasuka. Majilio huwakuta watu wakitazama mawingu, jembe liko tayari, na mbegu za mwisho zimehifadhiwa. Tumaini la mkulima ni tofauti na tumaini la mtazamaji: akikosea wakati wa kupanda atakosa chakula. Mshairi wa Kiswahili anayetafuta picha ya Majilio iliyo ya kweli kwa Tabora hana haja ya kwenda mbali. Ataikuta juu ya kichwa chake.

Picha ya pili ni njia. Nabii anaagiza njia itengenezwe nyikani, mabonde yafukiwe, vilima vishushwe, na palipopotoka panyoshwe. Msikilizaji wa Palestina aliijua njia ya kifalme. Msikilizaji wa Unyanyembe alijua njia ya mguu, nyembamba, iliyopitisha mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Haikunyoshwa na mtu; ilipinda penye mti ulioanguka, ikazunguka kilima, ikafuata maji. Kirangozi alitangulia, na mstari ulinyooka nyuma yake mwendo wa saa nzima. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, ambayo ni Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Mabonde hayakufukiwa wala vilima havikukatwa katika njia ile mpaka ilipokuja reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na reli hiyo ilitengenezwa kwa faida ya dola, wala haikuwa kwa ajili ya mfalme wa amani.

Kwa hiyo picha ya njia, ikisomwa Tabora, haiwezi kuwa ya upole. Njia moja ilikuwa ya matumaini kwa mtu mmoja na ya maangamizi kwa mwingine. Jambo hilo laonekana wazi zaidi yakilinganishwa maisha mawili yaliyoandikwa na watu wawili wa njia za magharibi.

La kwanza ni *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, yaani Tippu Tip, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, yakatolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, kisha yakatolewa tena pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley kama nyongeza ya jarida la Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959. Baba yake alikaa Tabora, akaoa binti wa Mtemi Fundikira. Kama nathari, kitabu hiki kina sifa kubwa: sentensi ni fupi, mambo yanakwenda mbio, na mwandishi hana machozi wala majigambo ya bure. Lakini katika mwendo ule hakuna anayengoja. Kila njia yafunguka kwa mwenye bunduki na mali, na waliotekwa hutajwa kwa jumla, kama zinavyotajwa pembe kwa frasila. Hawapewi jina wala neno. Njia imenyoka, lakini imenyoshwa juu ya migongo ya watu.

La pili ni maisha ya Adrien Atiman, yaliyochapishwa katika *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1946. Huyu alitekwa mtoto katika nchi ya Timbuktu, akauzwa, akakombolewa katika Afrika ya Kaskazini na mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alikaa huko akiwa katekista na mganga mpaka alipofariki mwaka 1956. Hapa msomaji anamsikia yule ambaye katika kitabu cha kwanza amenyamazishwa. Yampasa kusoma kwa uangalifu, maana habari za watoto waliokombolewa zilitumiwa sana Ulaya kukusanya sadaka, na mkombozi hupenda kuwa shujaa wa hadithi. Lakini maisha yenyewe yanapita kiasi cha matumizi hayo. Mtu aliyenunuliwa kama bidhaa alitumia zaidi ya miaka sitini akiwaponya wengine katika nchi ambayo hakuzaliwa. Akisoma agizo la kunyosha njia, msomaji wa Tabora ana mfano wa maana yake: ni kazi ya siku moja moja, penye kitanda cha mgonjwa, isiyokuwa na tarumbeta.

Picha ya tatu ni kungoja. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hii, na safari zao zilifuata kilimo. Kwa kawaida waliondoka wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na wengi walitaka kuwa wamekwisha kurudi mvua zinapoanza, ili wawahi kulima. Maana ya jambo hilo kwa Majilio ni kubwa. Majuma yale ya Novemba na Desemba, ambayo kalenda ya Kanisa yameyafanya ya kumngoja ajaye, yalikuwa tayari majuma ya kuwangoja wajao. Mama na mke walisikiliza mlio wa bunduki na nyimbo za msafara unaokaribia, wakatoka kuhesabu waliorudi. Aliyekufa kwa ndui au kwa kiu alijulikana kwa pengo katika mstari. Huu ni ungojaji wenye hofu ndani yake, na ndio ulio karibu na Maandiko kuliko ungojaji wa madukani, ambao hujua tarehe na bei ya kila zawadi.

Msemo wa Kiswahili wasema, baada ya dhiki faraja. Ni msemo mwema, lakini hausemi faraja huletwa na nani, wala hausemi lolote juu ya wale ambao dhiki yao haikuwa na baada. Yule aliyeshuka Bagamoyo akiwa na mnyororo shingoni alingojewa nyumbani mvua ngapi? Biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria haikumrudisha mtu aliyepotea. Majilio yanayoimbwa Tabora bila kuwakumbuka hao ni sherehe tu. Katika hilo inafaa kusifu kwamba mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali kwa UNESCO, Kwihara ikiwa miongoni mwa vituo vyake.

Huko Kwihara, karibu na Tabora, iko pia nyumba ya mngojaji maarufu. David Livingstone alikaa katika tembe lile tangu Stanley alipoondoka mwezi wa Machi 1872 mpaka mwezi wa Agosti, akiwangoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Wapagazi walifika, naye akaondoka kwenda kufa kwa Chitambo mwaka uliofuata. Waandishi wengi wamemfanya yeye kuwa taa ya njia ile. Lakini msomaji mwadilifu atakumbuka kwamba aliyengojewa wakati ule walikuwa watu weusi wenye mizigo, na kwamba bila kuja kwao mzungu yule asingeweza kupiga hatua. Na Susi na Chuma na wenzao ndio walioubeba mwili wake mpaka pwani, wakipita Unyanyembe mwaka 1873. Wajao na wangojao hawagawanyiki kwa rangi kama vitabu vya zamani vilivyodhani.

Tabora ina mfano mwingine wa kungoja, usiokuwa wa kanisani. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana mjini hapo kuamua kama kitaingia katika uchaguzi wenye sharti la kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliona ni tusi. Julius Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora na kufundisha huko, aliwashawishi wakubali kuingia, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Waliupitia mlango mwembamba ili waufungue kwa ndani. Mwaka 1959 Nyerere alinena katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, ili uwamulikie hata waliokata tamaa nje ya mipaka. Hotuba ile ilikuwa ya siasa, wala si ya ibada. Lakini mwenge ulipowashwa mlimani na Alexander Nyirenda, usiku wa kuingia Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lilikuwa juma la kwanza la Majilio. Tena haikuwa nuru ya jua. Ulikuwa moto uliopandishwa na mtu, kwa miguu, usiku, katika baridi.

Wako watakaosema kwamba picha za dini ni za watu wote, na kwamba kuzipima kwa jua la Unyamwezi ni kuzidunisha. Hoja hiyo ina haki yake: hakuna mshairi anayelazimika kutaja mahali alipozaliwa. Lakini picha iliyo ya wote bila kuwa ya mtu yeyote hukauka upesi. Nabii mwenyewe alisema juu ya umande, mabonde na nyika kwa sababu alivijua kwa macho. Kumfuata ni kufanya alivyofanya, na wala si kuyakariri mazingira yake.

Kwa hiyo hukumu yaweza kutolewa. Giza na nuru, kama vilivyogawanywa kwa ramani, havifai Tabora na vifutwe. Njia inafaa, kwa sharti kwamba minyororo iliyopita juu yake itajwe. Kungoja kunafaa kuliko vyote, maana mji ule ulijua kungoja kabla haujalijua jina la Majilio. Na mwandishi wa kesho wa Kiswahili, akitaka kuandika tumaini la msimu huu, ana vitu viwili vya kuanzia ambavyo havikuazimwa: wingu la kwanza la Novemba, na moto mdogo wa kambini ambao mtu aliyechoka anauchochea kwa ajili ya mwenzake aliye bado njiani.